Mota za umeme: mkulu wa mashua si wa bodaboda

Septemba 2023 Rais William Ruto alikuja Mombasa, pale Mama Ngina, kuzindua mpango wa bodaboda za umeme. Machi 2024 serikali ikatoa rasimu ya sera ya taifa ya usafiri wa umeme. Tangu hapo gumzo ninalolisikia ni betri na bei ya petroli tu. Swali la fundi halijaulizwa: mota ikigoma, nani ataifungua?

Tuwatazame ndugu zetu wa ziwani. Upande wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, pikipiki za umeme zilikuwa barabarani kabla ya sherehe ile ya Mama Ngina, na mashine za umeme za mashua za uvuvi nazo zimejaribiwa huko. Jirani yao Migori ana wavuvi wa Muhuru Bay, na bara ana njia za vumbi za kwenda machimbo ya Macalder. Kazi mbili tofauti kabisa.

Mota hizi zina sumaku kwenye rota. Kontrola lazima ijue sumaku imeelekea wapi ndipo ipeleke umeme kwenye koili inayofaa. Kawaida huwekwa vihisi vitatu vidogo ndani ya mota. Ni vya bei ndogo, lakini maji yakipenya au waya ukikatika, mota hutikisika tu, haiendi.

Njia nyingine ni kuviondoa kabisa. Sumaku ikizunguka huzalisha umeme wake kwenye koili. Kontrola huupima na kukadiria rota ilipo. Ila mota ikisimama umeme huo haupo, kwa hivyo kontrola huanza kama kipofu mpaka mwendo upatikane.

Kwa mashua si neno. Rafadha ikianza polepole maji hayaisumbui, uzito huja na kasi. Bodaboda yenye abiria wawili na gunia mlimani yataka nguvu tangu sufuri. Kwa hivyo wavuvi wetu wa Lamu na Vanga, ambao chumvi hula kila waya, mimi ningewachagulia mota isiyo na vihisi. Bodaboda ibaki navyo.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Ukadirio huo hutegemea tarakimu za koili zilizoandikwa ndani ya kontrola. Fundi akisuka koili upya kwa waya mwengine, tarakimu hazilingani tena, na mota hupoteza hesabu. Ikiwa muuzaji amezifunga kwa nywila, fundi wa Majengo aliyesuka mota miaka yote hana la kufanya, na mvuvi atalazimika kununua mashine nzima.

Kaunti zetu zikinunua mashine hizi kwa pesa za umma, zabuni iseme wazi: tarakimu za kontrola zikabidhiwe pamoja na mashine, na mafundi wetu wafunzwe kuzibadilisha hapa hapa, kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kabla ya mashua ya kwanza kushushwa majini.