MAMBO YA NYUMBANI: KARATASI ZA MAREHEMU

Mwezi huu twataka kusema neno juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mpaka msiba umekwisha kuingia nyumbani, nalo ni mirathi. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumeyaona hayo kwa macho yetu. Ndugu wawili wa tumbo moja, watu wa shamba hapa Unguja, walikaa miaka mingi pasipo kuamkiana kwa ajili ya minazi ya baba yao. Kila mmoja alishika maneno aliyoyasikia utotoni, wala hapana hata mmoja aliyekwenda kutafuta karatasi.

Basi aliyefiwa na aanze na cheti cha kifo. Kwetu Zanzibar kazi hiyo ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2018. Kisha na aulize, Marehemu alikuwa mtu wa dini gani? Maana hilo ndilo lionyeshalo mlango wa kubisha. Mirathi ya Mwislamu husikilizwa na mahakama ya kadhi, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana nayo ina kazi katika kuigawa. Mirathi ya Mkristo haiendi kwa kadhi, bali kwa mahakama za kawaida.

Wengi wetu tuna jamaa wa pande zote mbili, kwa hiyo neno hili lafaa lijulikane. Kwa sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hana fungu katika urithi wa Mwislamu. Walakini aweza kuachiwa kitu kwa wasia, maadamu wasia hauzidi thuluthi ya mali iliyobaki baada ya maziko na madeni. Basi jamaa asiseme, Nimenyimwa, kabla hajauliza kama wasia upo.

Ajazaye fomu ya kuomba usimamizi na aandike kweli tupu: jina la marehemu na majina mengine aliyoitwa, siku na mahali alipofia, warithi wote, mali yote, na madeni yote. Asimwache mke wa pili, wala mtoto aliyeko Mombasa, kwa kuwa yu mbali. Tena akumbuke desturi ya kisiwa chetu, ya kuwa mwenye miti huenda siye mwenye ardhi. Minazi na mikarafuu iandikwe mbali, na kiwanja mbali. Msimamizi naye ajue ya kuwa amepewa amana, hakupewa mali.

Je, kama aliyekufa ni babu, na miaka ni mingi? Nendeni Kilimani, kwenye Nyumba ya Nyaraka, mahali zinapotunzwa karatasi nyingi za zamani za serikali na za mahakama. Chukueni jina la babu, jina la baba yake, mtaa au kijiji, na mwaka wa kufa, ijapokuwa kwa kukisia. Tafuteni kwa namna zote za kuliandika jina, maana makarani wa Kiingereza waliandika kama walivyosikia, na karatasi nyingine zimeandikwa kwa Kiarabu. Tena watu wengi walioachwa huru baada ya amri ya mwaka 1897 walijitwalia majina mapya.

Lakini twaonya jambo moja. Karatasi ya mwaka 1935 yaweza kuonyesha babu alikuwa nani, na watoto wake ni akina nani, wala haitoshi kuonyesha shamba ni la nani leo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Na haki ya kuitumia sasa hufuata sheria ya ardhi ya mwaka 1992. Msiende kumtoa mtu shambani kwa karatasi ya babu.

Wale ndugu wawili walikwenda mwisho, wakaona jina la dada yao limeandikwa pamoja na yao. Yeye hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa amesahauliwa tu. Basi, wapenzi, andikeni mngali hai, mkawaambie watu wa nyumbani karatasi zimewekwa wapi.