Siha na Maumbile: Homoni ya Dhiki kwa Nyani wa Amboseli



Mwezi huu tunaelekea Kenya, katika mbuga ya Amboseli iliyo karibu na mlima Kilimanjaro. Huko, tangu mwaka 1971, wataalamu huwafuata nyani kizazi baada ya kizazi, wakimjua kila mmoja kwa sura yake. Miongoni mwa wanayoyapima ni kotisoli, homoni itokayo katika tezi zilizo juu ya figo mnyama apatwapo na hofu. Ikipanda kwa muda mfupi, humpa nguvu za kumkimbia chui. Ikidumu, huuchakaza mwili.

Hapo awali tulijua zaidi habari za madume. Robert Sapolsky, aliyeanza kazi Masai Mara mwaka 1978, aliwalaza kwa sindano za usingizi ili awatoe damu, na majike aliwaepuka kwa kuchelea mimba na watoto wachanga. Siku hizi homoni hupimwa katika kinyesi kilichookotwa. Kazi hiyo haina fahari, lakini imetufunza mengi.

Tuanze na umri. Mwaka 1991, Sapolsky na Jeanne Altmann walionyesha kwamba kadiri nyani azeekavyo ndivyo kotisoli izidivyo kuwa nyingi, hata akiwa katulia. Ubongo wa kijana huziamuru tezi zikome. Wa mzee aghalabu huchelewa kuamuru.

Ama jinsia, hapo pana ajabu. Uchunguzi wa madume 125, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa dume mkuu wa kundi ana homoni nyingi kuliko msaidizi wake, takriban sawa na madume wa chini kabisa. Kutwa anapigania cheo na kuwalinda majike. Jike mwenye cheo hana taabu hiyo, maana kwa kawaida hukirithi kwa mama yake. Homoni yake huwa chini kuliko ya wanyonge, ingawa mimba inapokomaa hupanda.

Na jambo hili ni la uhai na mauti. Mwaka 2021 zilitolewa habari za majike 242 wa Amboseli: walioishi na homoni nyingi mno walitarajiwa kufa takriban miaka 5 kabla ya wenye homoni chache kabisa.

Nyani wa Moremi, nchini Botswana, nao wana kisa chao. Jike aliyefiwa na jamaa wa karibu kwa kuliwa na mnyama mkali, homoni yake ilipanda kwa muda wa mwezi hivi. Katika siku hizo aliwatafuta wenzi wapya wa kuchambuana manyoya, wengi kuliko aliokuwa nao kabla ya msiba.