Uwakili wa miezi minane

Katika sura ya tisa ya kitabu cha Waamuzi, Yothamu anapanda juu ya mlima Gerizimu na kuwasimulia watu wa Shekemu habari ya miti iliyokwenda kutafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu nao ukakataa. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake nzuri, na haukuona sababu ya kuiacha. Mwisho miti ikaufuata mti wa miiba, nao ukakubali upesi, tena kwa vitisho. Wahubiri wengi tunaitumia habari hii kuwasema wapenda madaraka, na wanastahili kusemwa. Lakini mimi husumbuliwa zaidi na ile mitatu ya kwanza. Ilikuwa miti mizuri, na kukataa kwake ndiko kulikoacha kiti wazi kwa mwiba.

Ndugu msomaji, Jumapili hii naomba tumtazame mtu ambaye hakuomba kuwa rais, lakini kiti kilipomfikia hakukikwepa, na siku zake zilipotimia hakuking'ang'ania. Jina lake ni Valentín Paniagua. Aliiongoza Peru, huko Amerika ya Kusini, kwa miezi minane tu.

Alizaliwa mwaka 1936 Cusco, mji wa milimani uliokuwa makao makuu ya dola ya Wainka. Alisoma sheria, na mwaka 1963 akaingia bungeni akiwa kijana kwa tiketi ya chama cha Demokrasia ya Kikristo, kilichokuwa kimeungana na chama cha Acción Popular cha Rais Fernando Belaúnde. Kabla hajafikisha miaka 30 alikuwa ameshakuwa Waziri wa Sheria. Mwaka 1968 jeshi likampindua Belaúnde. Demokrasia iliporudi mwaka 1980, Belaúnde alichaguliwa tena, na Paniagua, ambaye sasa alikuwa mwanachama wa Acción Popular, akarudi naye: mwaka 1982 akawa spika wa Baraza la Wawakilishi, na mwaka 1984 Waziri wa Elimu. Naomba uishike miaka hiyo, tutairudia.

Baadaye chama chake kilififia. Alberto Fujimori alichaguliwa rais mwaka 1990, na Aprili 1992 akalivunja Bunge kwa msaada wa jeshi. Katika nchi ambamo katiba ilikuwa imewekwa kando, Paniagua aliendelea na kazi yake ya uanasheria na kufundisha sheria ya katiba. Uchaguzi wa mwaka 2000 ulimpa Fujimori muhula wa tatu katikati ya malalamiko makubwa, na chama cha Paniagua kikapata viti 3 kati ya 120. Mwenye hesabu za kisiasa angesema mzee huyu amekwisha.

Septemba mwaka huohuo ikaonyeshwa kwenye televisheni kanda ya video ya Vladimiro Montesinos, mshauri mkuu wa usalama wa Fujimori, akimkabidhi mbunge wa upinzani mafungu ya fedha ili ahamie upande wa serikali. Montesinos mwenyewe ndiye aliyekuwa akirekodi mikutano yake ya rushwa, ili awashike vizuri aliowanunua. Serikali ikaanza kumomonyoka. Katikati ya Novemba Bunge likamwondoa spika wake na kumchagua Paniagua, mtu ambaye kambi zinazogombana ziliweza kumkubali. Siku chache baadaye Fujimori, akiwa Japani, nchi ya wazazi wake, akatuma barua ya kujiuzulu kwa faksi. Bunge likakataa hata kuipokea, likamfukuza kazi. Makamu wake walikuwa wamejiuzulu, na katiba ikasema anayefuata ni spika. Novemba 22 mwaka 2000 Paniagua akaapishwa.

Wengi wetu tunajua jinsi mtu anavyokaimu. Iwe ofisini au kwenye kamati ya kanisa, kaimu huwa wa aina mbili. Yupo asiyesaini chochote kwa kuogopa lawama, mafaili yanarundikana hadi mwenye kiti apatikane. Na yupo anayesaini kila kitu, haraka haraka, kabla mwenye kiti hajafika. Paniagua alikabidhiwa nchi ambayo hazina yake, majaji wake na majenerali wake walikuwa wamechezewa kwa miaka kumi, na kazi aliyopewa ilikuwa moja: kuandaa uchaguzi. Angeandaa uchaguzi huo na kwenda zake, hakuna ambaye angemlaumu.

Uchaguzi aliuandaa. Alimteua Javier Pérez de Cuéllar, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kuwa waziri mkuu. Wananchi wakapiga kura Aprili 2001, duru ya pili ikafanyika Juni, na jina la rais wa mpito halikuwemo kwenye karatasi ya kura. Lakini ninayotaka tuyatafakari leo ni mengine mawili.

La kwanza linahusu Barrios Altos, mtaa wa Lima. Novemba 1991 watu wa mtaa huo walikuwa kwenye sherehe ya kuchangisha fedha za kukarabati jengo lao. Kikosi cha siri cha jeshi kikawavamia na kuua watu 15, mmoja wao mtoto wa miaka minane. Mwaka 1995 serikali ya Fujimori ilipitisha sheria ya msamaha kwa askari wa namna hiyo, na mwaka 1999 ikatangaza kujitoa chini ya mamlaka ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Serikali ya Paniagua iliirudisha Peru mbele ya mahakama hiyo, na Februari 2001 ikakiri kuwa taifa linawajibika. Mwezi uliofuata mahakama ikaamua kuwa sheria ile ya msamaha ni batili.

Paniagua hakuua mtu Barrios Altos. Angeweza kusema, na angekuwa sahihi, kwamba hayo ni ya waliomtangulia. Nabii Danieli naye, katika sura ya tisa, hakuwa ameabudu sanamu. Hata hivyo alipofunga na kuvaa nguo za magunia aliomba kama mmoja wa waliokosa, akiwaweka wafalme, baba zake na yeye mwenyewe katika fungu moja. Toba ya namna hii ni ngumu kuliko ile ya dhambi zetu binafsi, kwa sababu kila mmoja wetu ana ushahidi mkononi kuwa yeye hakuwepo.

La pili ndilo linalonigusa zaidi. Mwanzoni mwa Juni 2001, wiki chache kabla ya kuondoka, Paniagua aliunda Tume ya Ukweli kuchunguza mauaji na kupotezwa kwa watu katika vita kati ya dola na waasi wa Sendero Luminoso. Uchunguzi ulipangwa kuanzia Mei 1980 hadi Novemba 2000. Tazama tarehe ya kuanzia. Ingekuwa rahisi kuanzia mwaka 1990, Fujimori alipoingia Ikulu, na wengi wangepiga makofi. Lakini vita vilianza Mei 1980, waasi walipochoma masanduku ya kura katika kijiji cha Chuschi, na miaka mitano ya mwanzo iliangukia chini ya Belaúnde. Mwishoni mwa mwaka 1982, serikali hiyo ilipowakabidhi wanajeshi mkoa wa Ayacucho, spika wa Baraza la Wawakilishi alikuwa Paniagua. Mtume Petro anatuambia hukumu huanzia nyumba gani. Mzee huyu, akijua au bila kukusudia, alilifungua faili lililokuwa na jina la chama chake ukurasa wa kwanza.

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki: kaimu ana mamlaka gani ya kuanzisha jambo zito hivyo kisha kumwachia mrithi wake? Nadhani jibu liko kwa wafiwa. Mama anayemtafuta mwanawe tangu mwaka 1983 hawezi kuambiwa asubiri serikali yenye muhula kamili. Mrithi wake, Alejandro Toledo, angeweza kuivunja tume hiyo. Hakufanya hivyo, aliiongezea wajumbe. Agosti 2003 ikatoa taarifa yake: ilikadiria watu 69,280 waliuawa au kupotea, na watatu kati ya kila wanne lugha yao ya mama ilikuwa Kikechua au lugha nyingine ya wenyeji. Walikuwa maskini wa milimani, ambao Lima haikuwa imesikia kilio chao. Waasi walibeba sehemu kubwa ya lawama, lakini serikali zote tatu za miaka hiyo 20 hazikupona, ikiwemo ile ya Belaúnde.

Julai 28 mwaka 2001, siku ya uhuru wa Peru, Paniagua alikabidhi madaraka na kurudi kwenye maisha yake.

Ningependa kuwaandikia kwamba wananchi walimlipa. Mwaka 2006 aligombea urais, safari hii kwa kuomba mwenyewe, akashika nafasi ya tano. Hakufikisha hata asilimia sita ya kura. Oktoba mwaka huohuo akafariki dunia, akiwa na miaka 70. Wanaohubiri kwamba uaminifu hulipwa papa hapa, kwa cheo kikubwa zaidi, sijui huwa wanasema nini kuhusu watu kama yeye.

Novemba 2020, miaka 20 baada ya kiapo chake, Peru iliangukia tena katika vurugu za uongozi, na Bunge likatafuta tena mtu wa kuivusha nchi hadi uchaguzi. Likamchagua Francisco Sagasti. Naye alikaa miezi minane, na Julai 28 mwaka 2021 akaondoka.