Valvu mpya za moyo: zimeboreka kweli, lakini zinamfaa nani?

Familia nyingi za Arusha na Meru zenye mgonjwa wa moyo zimeshasikia kwamba siku hizi valvu inabadilishwa bila kupasua kifua. Wengine wanaanza kupiga hesabu ya kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mgonjwa apelekwe nje. Kabla hujauza, msikilizaji wetu, tuangalie takwimu zinasema nini.

Valvu ni mlango wa moyo. Hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi nyuma. Mlango ukikakamaa au ukivuja, mtu anachoka haraka, anahema kwa shida na miguu inavimba. Tarehe 16 Aprili 2002, daktari Alain Cribier wa mji wa Rouen, Ufaransa, alikuwa wa kwanza kumwekea binadamu valvu ya aina hii. Aliipitisha ndani ya mshipa wa damu, ikiwa imekunjwa kwenye mrija, mpaka ikafika kwenye moyo.

Kizazi cha kwanza na cha sasa

Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa valvu ya Sapien, kizazi cha kwanza. Waliotibiwa walikuwa wazee wa wastani wa miaka 83, ambao madaktari walishasema hawawezi kupasuliwa. Kati ya kila 100 waliowekewa valvu, takribani 31 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya 100 ambao hawakuwekewa, walifariki takribani 51. Yalikuwa maendeleo makubwa, ingawa 5 kati ya 100 waliowekewa walipata kiharusi kikubwa ndani ya siku 30.

Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya Sapien 3. Mrija wake ni mwembamba zaidi, na valvu imezungushiwa kitambaa kinachozuia damu kuvuja pembeni. Safari hii aliyefariki ndani ya mwaka ni mmoja tu kati ya 100.

Je, valvu mpya imepunguza vifo kutoka 31 hadi 1? Hapana. Wagonjwa wa utafiti wa pili walikuwa na wastani wa miaka 73 na hali yao ilikuwa nzuri zaidi. Ni sawa na kulinganisha mavuno ya shamba lenye mfereji na la mtu anayengoja mvua, halafu sifa zote ukaipa mbegu. Watafiti walipowagawa wagonjwa wa aina moja, wengine wakapewa Sapien ya kwanza na wengine toleo lililofuata, vifo vya mwaka wa kwanza havikutofautiana. Kilichopungua ni majeraha ya mishipa ya damu.

Wagonjwa wetu wengi ni vijana

Valvu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya wazee ambao mlango wa moyo umejaa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo inayoishikilia valvu mpya isichomoke. Afrika Mashariki wagonjwa wengi wa valvu ni watoto na vijana, walioharibiwa moyo na homa inayofuata mafindofindo yasiyotibiwa. Milango yao mara nyingi haina chokaa ya kutosha.

Tena valvu hizi zimetengenezwa kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe, na kwa kijana utando huo huchakaa mapema kuliko kwa mzee. Valvu ya chuma hudumu zaidi, lakini mgonjwa atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Kwa binti anayetarajia kuzaa, dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa hiyo kabla ya kuuza mali, muulize daktari: Ni mlango upi umeharibika, na kwa sababu gani? Valvu inayopendekezwa imejaribiwa kwa watu wa umri wa mgonjwa wetu? Baada ya kurudi nyumbani, vipimo tutavipata wapi? Uliza pia kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaweza kumtibu hapa hapa nchini.

Kinga iliyo karibu

Takwimu inayotuhusu zaidi imetoka kwa jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu, ambazo zilionekana kwenye kipimo cha moyo tu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: baada ya miaka 2, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 tu waliochomwa sindano, lakini kwa 33 ambao hawakuchomwa.

Mtoto akilalamika koo na ana homa, usimalizie kwenye maji ya chumvi. Mpeleke zahanati. Na akishaandikiwa sindano za kila mwezi, asikose hata moja, hata kama anacheza mpira na wenzake bila shida yoyote.