Mniache na Papa Wangu

Kila insha zinapokusanywa kwa ajili ya kitabu kama hiki, mwanafunzi wa Dzaleka huwa ameshapewa mada kabla hajafungua mdomo. Andika juu ya kambi. Andika ulivyovuka mpaka, foleni ya chakula, ndoto zako. Mwenzake anayekaa Lilongwe huulizwa anapenda nini. Mimi huulizwa nilipatwa na nini. Basi safari hii nimechagua papa waliotoweka duniani miaka milioni 66 iliyopita, na sioni haya.

Wataalamu huwaita hybodonti. Jina limetokana na Hybodus, alilolitunga Louis Agassiz, bingwa wa samaki wa kale kutoka Uswisi, katika miaka ya 1830, na asili yake ni Kigiriki: jino lenye nundu. Kwa Kiswahili napendekeza tuseme papa-nundu. Asiyelipenda alete lake. Walikuwa ndugu wa karibu wa papa na taa wa leo, ingawa si wazazi wao. Walikuwepo baharini na mitoni zamani sana kabla ya dinosaria wa kwanza, na wakadumu hadi dinosaria wakubwa walipoangamia. Mgongoni walikuwa na mapezi mawili, na mbele ya kila pezi mwiba mgumu. Madume waliongezewa miiba iliyopinda kama ndoano kichwani. Kiunzi cha mwili hakikuwa cha mifupa bali cha gegedu, kama ile iliyomo sikioni mwako, kwa hiyo papa akifa aghalabu vilivyobaki ni meno na miiba tu. Lakini jino si haba. Lililochongoka linasema mwenyewe alikamata samaki. Lililo bapa linasema alivunja magamba ya kaa na konokono.

"Sasa hayo yanamsaidia nini mkimbizi?" Niliulizwa hivyo na mtu mwenye nia njema kabisa, katika ofisi moja pale City Centre, Lilongwe, nilikopeleka muhtasari wa insha hii. Nilikuwa nimetoka Dzaleka asubuhi, zaidi ya kilomita 40 kwa minibasi, karatasi ya ruhusa mfukoni. Alinishauri kwa upole niandike maisha yangu, maana ndiyo wasomaji wanayoyataka. Ningemnyamazia kama hoja ingekuwa yake peke yake. Nimeisikia kwa wanafunzi wenzangu, na kwa heshima zote, nimeisikia hata kwa wahadhiri wetu.

Ningeweza kujitetea kwa faida. Ningesema kwamba anayejua kusoma matabaka ya miamba hupata kazi, kwamba urani ya Kayelekera kule Karonga imo katika mawe ya mchanga ya Karoo. Utetezi huo siutaki. Mwanafunzi wa Berlin anayesoma meno ya papa haulizwi yanamsaidia nini. Huulizwa ameona nini.

Tena Berlin nimeitaja kwa sababu. Kuanzia 1909 hadi 1913 watu wa makumbusho ya huko walichimba kilima cha Tendaguru, katika mkoa wa Lindi wa leo, wakiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig. Kila mtu anamjua yule dinosaria anayesimama Berlin mpaka sasa, kimo zaidi ya mita 13. Wachache wanakumbuka kwamba zaidi ya tani 200 za mizigo zilitoka kilimani juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Niulize: Boheti alipowaonyesha vibarua wapi pa kupiga jembe na wapi pa kupapasa kwa mkono, alisema nao kwa lugha gani? Sidhani ni Kijerumani.

Katika matabaka hayohayo ya Tendaguru walikutwa na papa-nundu. Maelezo ya papa na samaki wa huko yalichapishwa mwaka 2002, kwa Kiingereza. Wabunge wa Tanzania wamewahi kuzungumzia kurudishwa kwa yule dinosaria mkubwa, na magazeti hulipenda suala hilo. Mfupa mkubwa una mvuto. Mimi ningeanza na vidogo, kwa kuwa ni meno ya papa, magamba ya samaki na kombe za baharini vinavyotuambia kwamba bahari ilikuwa ikiingia pale na kurudi. Bila hivyo dinosaria wa Tendaguru ni sanamu tu, hajulikani alisimama juu ya nini. Na habari hiyo kuletwa katika Kiswahili haihitaji meli wala mkataba. Inahitaji mtu wa kuiandika.

Kwetu mashariki ya Kongo hadithi haina tofauti kubwa. Samaki wa kale waliochimbwa katika miamba ya Kisangani wamo kwenye makabati ya Tervuren, Ubelgiji, na maelezo yao yako kwa Kifaransa na Kiingereza. Watoto wa Kisangani wako Dzaleka, katika kambi iliyowahi kuwa gereza, iliyopangiwa watu wapatao 10,000 na sasa ina zaidi ya 50,000. Tunaongea Kiswahili kutwa nzima: sokoni, kanisani, kwenye bomba la maji. Inakuwaje lugha inayotosha kugombania zamu ya maji isitoshe kueleza jino?

Najua pia mtego mwingine unaonisubiri. Atatokea msomaji mwerevu aseme: lo, papa hawa waliposongwa baharini na papa wa aina mpya, walikimbilia mito na maziwa; kumbe mwandishi anazungumzia wakimbizi kwa mafumbo! Hapana. Ni kweli kwamba katika kipindi cha Kretasia wengi wao tunawakuta kwenye maji baridi. Lakini Lissodus africanus, papa-nundu wa Afrika Kusini aliyeelezwa na Robert Broom mwaka 1909, anatoka katika miamba ya mito na maziwa ya kipindi cha Triasi, mamilioni ya miaka kabla ya hao papa wapya kushamiri baharini. Hakukimbia kitu. Alikuwa nyumbani kwake. Anayetaka fumbo akatafute samaki mwingine.

Ninachowaomba wahadhiri ni kuisahihisha insha hii kama mnavyosahihisha nyingine. Nikikosea kipindi, nikateni alama. Nikichanganya gegedu na mfupa, andikeni kwa wino mwekundu. Mkiniandikia "inagusa moyo" pembeni, nitajua hamkusoma.

Insha ijayo nimeshaianza. Ni juu ya ile miiba ya kichwani: kwa nini madume peke yao? Wapo wanaodhani ilitumika wakati wa kujamiiana, kumshikilia jike. Bado sijaridhika.