Kurudia Mtihani Si Aibu, Lakini Usirudie kwa Hasira

Wadau, leo nataka niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Ule mtihani wa GMAT, wa kuingia shule za biashara za ng'ambo, nimeufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 535. Mara ya pili 595. Zile post za "nimefanya mtihani, tuombeane" mliziona. Ile ya kwanza niliifuta usiku huohuo matokeo yalipotoka.

Niliifuta kwa sababu huku kwetu Masimba, mtu anayerudia mtihani huwa ana jina. Anaitwa ripita. Hata akija kuwa daktari, kuna mzee pale stejini atakwambia, "Huyo? Huyo alirudia." Na mimi jina hilo nilishawahi kulibeba.

Mimi ni wa KCSE ya 2016. Wale wa mwaka wangu wanajua. Mwaka 2015 A zilikuwa zaidi ya 2,600 nchi nzima. Sisi tukafanya yetu chini ya Matiang'i, mtu wa hapa jirani Nyamira, wizi wa mitihani ukafungiwa mlango, na matokeo yakatoka kabla ya Mwaka Mpya: A 141. Si 141 za Kisii. Za Kenya yote. Mimi nilikuwa na C plain na nyumba ikawa kama ya matanga.

Januari 2017 watu wengi wa mtaa wetu wakarudi kidato cha nne. Hoja ilikuwa moja: mwaka ule ulikuwa wa bahati mbaya, hali itarudi kama zamani, kwa hivyo rudia tu. Matokeo ya 2017 yalipotoka, A zilikuwa 142. Waliopata C+ kwenda juu wakashuka kutoka 88,929 hadi 70,073. Hakuna kilichorudi. Ambao walirudia wakingoja mtihani ubadilike, mtihani ulibaki pale pale ukiwangoja wao wabadilike. Mimi nilipanda hadi B-, na sitajidai eti ni akili. Tata alinihamisha shule, na huko kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyetufanyisha karatasi moja kila jioni. Hicho tu ndicho kilichobadilika, na kilitosha.

Sasa ungefikiri mtu aliyejifunza hilo akiwa kijana hawezi kulisahau. Nililisahau kabisa.

GMAT ya kwanza nilijilipia kutoka kwa akiba yangu ya Sacco. Karibu dola 300, ukibadilisha unagonga kama elfu arobaini hivi. Hapo hujaweka nauli. Nilipanda boda hadi Keroka, nikashika basi la usiku, Sotik, Bomet, Narok, nikafika Nairobi alfajiri nikiwa sijalala hata dakika kumi, na saa nne asubuhi niko mbele ya kompyuta. Kwa wasioujua, mtihani wenyewe ni saa mbili na robo. Sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu, lugha, na ile ya kuchambua data na majedwali. Maswali 64 kwa jumla. Na unakubadilikia: ukipata swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Alama zinaanza 205 mpaka 805, na zote huishia na 5.

Mashine ikaniandikia 535. Nikatoka nje nikasimama kando ya barabara nikiwa sijui niende wapi, maana basi la kurudi ni la jioni.

Kanuni inasema unaweza kurudia baada ya siku 16, na usizidi mara tano ndani ya miezi kumi na miwili. Mimi nilihesabu hizo siku 16 nikiwa bado ndani ya basi. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kuurudia mtihani kama mtu anavyotaka kurudia vita alivyopigwa mbele ya watu.

Shida ilikuwa pesa. Na hapa ndipo nilipokaribia kufanya jambo ambalo ningelijutia mpaka leo.

Mama anachuma majani chai. Bonasi ilikuwa imeingia. Mnajua bonasi ya huku kwetu, magharibi ya Bonde la Ufa, si ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, lakini ndiyo mshahara wa mwaka. Ile bonasi ilikuwa na jina la mtu: karo ya dada yangu mdogo, yuko mwaka wa pili chuoni. Mama hakuniuliza maswali. Alisema, "Chukua, mwanangu. Ukienda ng'ambo utamlipia yeye yote." Dada naye akasema atakaa nyumbani muhula mmoja, si neno.

Nilichukua. Sitaficha. Pesa ilikuwa kwa simu yangu, nimefungua ukurasa wa kulipia, nimechagua tarehe. Dada yangu alikuwa anaosha vyombo pale nje. Akaniuliza bila kuniangalia, "Kwani umeshajua ulikosea wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikuwa na jibu. Nilijua nimepata 535, basi. Sikujua ni kwa nini.

Nikaurudishia mama pesa yake jioni ile. Dada akarudi chuoni. Mimi nikanunua daftari la shilingi hamsini nikaanza kuandika nilichokumbuka. Hesabu nilikuwa sawa, si mbaya. Lugha, katikati. Ile ya data ndiyo ilinimaliza: niling'ang'ana na jedwali moja mpaka muda ukaisha, nikaacha maswali manne ya mwisho bila kuyagusa, na kuacha maswali wazi hukatwa alama vibaya. Pia sikujua kwamba unaruhusiwa kurudi nyuma na kubadilisha majibu mpaka matatu kwa kila sehemu. Yaani nilikuwa nakwama kwa swali kama gari kwa matope ya Aprili, na njia ya kupita ilikuwepo.

Ningerudi baada ya siku 16, ningerudi na usingizi uleule, mwendo uleule, na karo ya dada yangu mfukoni.

Nilingoja miezi saba. Kila Jumamosi nilijifungia nikafanya sehemu moja ya data, saa mkononi, nikijilazimisha kuliacha swali likizidi dakika tatu. Mara ya pili nilifika Nairobi siku moja kabla, nikalala kwa binamu yangu. 595. Alama sitini zaidi. Si alama ya kutisha, na shule nilizoomba bado hazijanijibu. Kwa hivyo siwaandikii kama mtu aliyefika. Nawaandikia kama mtu aliyerudia mara mbili maishani na nusura ya pili imgharimu mtu mwingine.

Msimamo wangu ni huu. Nawapinga watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wale wa "maji yakimwagika hayazoleki". Mtihani si maji. Kwa GMAT, wewe ndiye unaamua alama gani itumwe kwa shule, na shule nyingi huangalia ile ya juu zaidi. Hakuna mtu wa kamati ya udahili atakayekuita ripita. Hilo jina ni letu sisi, na tunalitumia kumfunga mtu kwa siku moja ya maisha yake.

Wa pili ni hawa wenzangu wa video za kutia moyo: usikate tamaa, rudia mpaka kieleweke. Boss, rudia kwa pesa ya nani? Mara tano kwa mwaka ni karibu laki mbili. Mtoto wa mtu fulani kule Nairobi anaweza kuzitoa, na alama yake ya tano ikija juu tunasema ana bidii. Mtoto wa Masimba ana nafasi moja, labda mbili. Kumwambia arudie tu bila kumwambia arudie vipi ni kumchezea.

Kwa hivyo kabla hujalipa, jiulize mambo matatu, na uyajibu kwa maandishi, si kichwani.

Ulikosea wapi hasa? "Ulikuwa mgumu" si jibu. Taja sehemu, taja aina ya swali, taja dakika.

Nini kitakuwa tofauti safari hii? Kama jibu ni "nitaomba Mungu na kusoma zaidi", omba, lakini usilipe bado.

Je, unaihitaji kweli hiyo alama? MBA nyingi za hapa nyumbani hazidai GMAT kabisa. Na kama shule unayoitaka inapokea watu wenye alama kama yako, pengine kinachokuangusha ni barua yako au uzoefu wa kazi. Hapo kurudia mtihani ni kufagia chumba ambacho hakina uchafu.

Mimi ningeongeza la nne, ambalo ni la nyumba kama zetu. Nani analipa, na anaacha nini ili alipe? Huku kwetu mama hasemi hapana. Atatoa bonasi, atauza ndama, atakwambia nenda. Ndiyo maana ni wewe unapaswa kumuuliza pesa hiyo ilikuwa ya nini, kabla hajakusukumia kwa simu. Mimi sikumuuliza. Nilijua na nikanyamaza, na kama dada yangu hangeuliza lile swali lake pale kwa karai, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Yeye anamaliza mwaka huu. Mimi bado nachungulia barua pepe kila asubuhi. Shule zote zikikataa, sijui kama nitarudia mara ya tatu. Ninachojua ni kwamba lile daftari bado liko, na nitalifungua kwanza kabla sijafungua ukurasa wa kulipia.