Kupima programu: siku zilizokadiriwa na siku zilizotumika zilinganishwe

Katika miji ya Goma, Bukavu na Bunia, kuna vijana wanaoishi kwa kutengeneza programu za kompyuta na za simu. Shule inataka programu ya kupokea malipo ya wanafunzi, duka linataka ya kuhesabu mali. Kabla ya kutia sahihi, mteja huuliza: kazi itaisha lini? Jibu hutolewa haraka, na sehemu inayokadiriwa vibaya mara nyingi ni ile ya kupima programu.

Jambo hili si geni. Fred Brooks, Mmarekani aliyeongoza utengenezaji wa programu kubwa ya IBM iitwayo OS/360, aliandika mwaka 1975 kwamba nusu ya muda wa mradi iachiwe majaribio, na sehemu moja tu kati ya sita iwe ya kuandika programu yenyewe. Hata leo, wengi wanafanya kinyume.

Marekani yenyewe ililipia kosa hilo. Tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov. Siku ya kwanza, watu 6 tu ndio waliofaulu kujiandikisha. Makampuni yaliyoitengeneza yaliambia bunge kwamba mfumo mzima ulipimwa katika wiki 2 za mwisho tu, ingawa miezi kadhaa ilihitajika.

Fundisho ni wazi: kazi ya kupima ikikatwa, haipotei. Inahamia kwa mwananchi. Ni mzazi anayetuma pesa kwa simu, pesa inatoka, lakini shule haioni kitu na mtoto anafukuzwa darasani.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ni daftari lenye safu mbili: siku zilizokadiriwa na siku zilizotumika. Tuseme kikundi kilikadiria siku 20 za kupima, kikatumia 34. Zile 14 za ziada ziandikwe zilikoenda: 6 kurudia majaribio baada ya makosa kurekebishwa, 5 kungojea mteja alete majina ya wanafunzi, 3 kukosa umeme. Hapo kila mtu anaona kwamba mpimaji hakuwa mvivu. Hesabu ya kwanza ilisahau kazi ambayo lazima ifanyike.

Mradi mmoja hautoshi kuwa sheria. Lakini kama miradi minne mfululizo imezidi kwa karibu kiasi kilekile, anayeandika tena siku 20 katika mkataba wa tano hakadirii. Anamdanganya mteja na anajidanganya mwenyewe.

Wakubwa wa kazi nao wawe waangalifu. Daftari hilo likigeuzwa fimbo ya kumpiga mpimaji, kesho yake ataandika 20 hata kama alitumia 34, akimalizia kazi usiku bila malipo. Namba zitapendeza, na hazitafundisha kitu.

Wateja pia wana sehemu yao. Shule, hospitali au ofisi ya serikali inayoagiza programu isiulize bei na tarehe tu. Iulize: mara ya mwisho mlikadiria siku ngapi za kupima, na mlitumia ngapi? Fundi asiye na jibu hajajifunza kutokana na kazi yake ya jana, na wa kulipia somo hilo atakuwa mteja.